Ukienda Lakenheath na kamera, usiende Jumamosi

Lakenheath ni kambi ya ndege za kivita huku Uingereza, na mara ya kwanza nilienda kuzipiga picha Jumamosi. Nilitoka Peterborough asubuhi na mapema, nikabadilisha treni Ely, nikashuka stesheni ya Lakenheath na begi la kamera mgongoni na chupa ya chai, na kilichonipa moyo ni kwamba kulikuwa na watu kama sita tumeshuka pamoja na wote wana lenzi ndefu kuliko yangu, wamevaa makoti ya kijani, wanaongea polepole kama watu wanaojua wanachofanya. Nikajisemea aisee leo nimefika kwa wenyewe. Nikawafuata. Tukatembea, matete kila upande, maji huku na huku, sioni fensi sioni mnara, mwisho nikamuuliza mzee mmoja leo kutaruka nini. Akaniambia ukibahatika, korongo.

Kwetu ndege ni ndege, kumbe na mimi lugha ilinifuata mpaka Suffolk. Stesheni ya Lakenheath ipo jirani na hifadhi ya ndege wa manyoya, korongo walirudi kuzaliana pale mwaka 2007 na watu wanatoka mbali kuja kuwaangalia. Kambi ya ndege za kivita iko maili kadhaa kusini, na hata ningefika ningekuta kimya maana Jumamosi kwa kawaida hawaruki. Na kituko chenyewe ni hiki: treni zinasimama pale wikendi, siku za kazi karibu hazisimami kabisa, na ndege zinaruka siku za kazi. Kwa hiyo we usinifuate mimi, shuka stesheni ya Brandon siku ya kazi, chukua teksi, au tafuta mwenye gari mchangie mafuta.

Sasa nieleze pale ni wapi. Jina ni RAF Lakenheath, RAF ni jeshi la anga la Uingereza, ila wanaoitumia ni Wamarekani, kikosi chao cha 48 kimehamia pale tangu 1960 kikitokea Ufaransa. Wana F-15E, ile ya injini mbili na viti viwili, na F-35A ambazo zilianza kufika Disemba 2021. F-15C za zamani zimeshaondoka 2022, ukiona mtu anauza picha zake za jana mwambie aache utani. Mkiani zote zimeandikwa LN, halafu chini kuna namba, ile 91 au 97 unayoiona ni mwaka wa bajeti ndege iliyonunuliwa. Mstari mwekundu juu ya mkia ni skwadroni ya 494, bluu ni 492. Hao 494 ni kati ya walioangusha droni za Iran njiani kwenda Israeli, usiku wa Aprili 13 kuamkia 14, 2024. Ukishajua haya unaanza kutazama tofauti, sio tena "ndege ya kijivu imepita".

Mi nimekulia Tanga na nilianza kupenda hivi vitu kwa kuziona zikipita juu ya uwanja kwenye sherehe za Uhuru kwa tivii. Ila pia nimekulia na lile bango, mnalijua, eneo la jeshi usipige picha, na ukipita hapo hata simu unaiweka mfukoni. Kwa hiyo siku niliyofika kwa kweli, Jumanne ile, nikasimama mbali, nusu nimejificha nyuma ya mti. Kosa. Hapo ndipo gari la askari lilipokuja. Walikuwa wawili, wakaniuliza kwa adabu nafanya nini, nikawaonyesha picha, nikawaonyesha kitambulisho, dakika tano yakaisha. Mmoja akaniambia kitu nilichokishika mpaka leo, kwamba wenzako wamesimama pale wazi hakuna anayewasumbua, we ndo umejificha.

Na ni kweli. Uingereza ukiwa kwenye barabara ya umma kupiga picha ndege sio kosa, ila wana haki ya kukuuliza, na mtu mweusi peke yake na lenzi ndefu karibu na kambi ya Wamarekani ataulizwa, tusidanganyane. Simama wanaposimama wengine. Salimia. Kitambulisho uwe nacho. Kamera ielekee ndege na sio geti, sio walinzi, sio magari yao. Droni usifikirie hata kidogo, Novemba 2024 kulionekana droni zisizojulikana juu ya Lakenheath na kambi za jirani na tangu hapo kila mtu masikio yamesimama. Redio za kusikiliza marubani utaona wazee wanazo, sheria ya hapa hairuhusu, mi sina na sikushauri.

Halafu tafadhali, hii ni ya Uingereza tu. Usitoke hapa na ujasiri huu ukaenda kusimama nje ya kambi ya Ngerengere au Laikipia ukasema nimesoma mahali inaruhusiwa. Na sio Afrika tu, mwaka 2001 watu 14 wa mchezo huuhuu, wengi Waingereza, walikamatwa Ugiriki kule Kalamata wakashtakiwa ujasusi, wakahukumiwa, mpaka rufaa ya mwaka uliofuata ndo wakaonekana hawana hatia. Walikuwa wanaandika namba za ndege kwenye daftari. Kila nchi uliza kwanza.

Haya tuje kwenye kazi yenyewe. Watu wananiandikia ninunue lenzi gani, na mi nawajibu umeangalia upepo? Ndege inaruka na kutua ikiutazama upepo, hiyo ndo siri nzima. Ranwei, yaani njia ya kurukia na kutua, ya pale inaitwa 24 upande mmoja na 06 upande wa pili, ni nyuzi tu za dira zimekatwa sifuri, 24 maana yake inaelekea 240, yaani kusini magharibi. Upepo wa Uingereza mara nyingi unatokea hukohuko kusini magharibi, kwa hiyo siku nyingi zinatua zikitokea kaskazini mashariki, na kule ndiko watu wanakojazana, zinapita juu ya kichwa chako mpaka unaona misumari. Upepo ukigeuka ukatoka mashariki mambo yanapinduka, unasubiri kutua unaona migongo inaondoka. Nimeshapoteza siku nzima na nauli juu kwa sababu sikufungua utabiri wa hali ya hewa, kitu cha sekunde thelathini.

Cha pili jua. Hili kwa sisi wa ikweta linasumbua kwa sababu kwetu saa sita jua lipo utosini, mwanga ni mbaya sawasawa pande zote. Hapa mchana jua linakuwa upande wa kusini mwaka mzima, na Disemba saa sita mchana liko chini kama la saa kumi na moja jioni nyumbani. Kwa hiyo ukisimama kaskazini ya ranwei, ndege zako zote zitakuwa kivuli cheusi, hata uwe na lenzi ya milioni ngapi. Jua liwe mgongoni. Ila usiidharau siku ya mawingu na unyevu, siku hizo ndo zile mbawa zinatoa mvuke mweupe ikikata kona, na moto wa nyuma ya injini unaonekana vizuri kuliko mchana wa jua kali.

Kamera yangu ni ya zamani na lenzi ni ya milimita 100-400, ya mtumba, bado naitumia. Siku ya kwanza niliacha kila kitu kwenye otomatiki, nikarudi na picha mia tatu za ukungu. Weka spidi ya shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia, 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi kwa jeti, fokasi iwe ya kufuatilia sio ya kushika mara moja, piga mfululizo mfupimfupi, usikandamize kitufe kama unamwagilia bustani maana kamera inajaa inaganda palepale ndege nzuri inapofika. Anga likiwa jeupe kamera inadanganyika inaifanya ndege nyeusi, ongeza mwanga kidogo kwenye kile kipimo cha +/-, nusu mpaka moja. Anza kuifuata ndege ikiwa bado nukta, zungusha kiuno sio mikono. Kwa zile zenye mapanga yanayozunguka, kama CV-22 za Mildenhall, kambi ya jirani, ni kinyume, shusha spidi mpaka 1/250 au chini, la sivyo mapanga yanasimama kabisa na ndege inaonekana imeganda hewani kama mdoli. Na joto la lami wakati wa kiangazi hakuna kamera inayolitibu, ndege ya mbali itatetemeka tu, subiri ikaribie au rudi asubuhi.

Saa za kuruka hazitangazwi. Kwa uzoefu wangu kuna wimbi la asubuhi na la mchana, zinatoka kwa makundi, kisha kimya cha saa nzima na zaidi, hapo watu wanafungua mikate. Sikukuu za Wamarekani zihesabu, mi nilishawahi kwenda Julai 4, nilicheka mwenyewe. Kwenye aplikesheni za kufuatilia ndege hizi za kivita mara nyingi hazionekani, lakini KC-135 za Mildenhall, zile za kujazia wenzao mafuta angani, zinaonekana, zinajiita QUID, ukiona QUID inazunguka duara juu ya bahari ya Kaskazini jua kuna wateja huko juu wanakunywa, na wateja watarudi. Hayo madege yametengenezwa miaka ya 50 na 60, yana umri wa babu zetu, bado yanafanya kazi.

Zikirudi usikimbilie kuangalia ranwei tu. Mara nyingi zinapita kwanza juu ya uwanja kwa kasi halafu moja moja inalala ubavu kukata kona, na hapo ndo unapata mgongo mzima wa ndege, picha ambayo chini huipati. Wengi wanaikosa wameinamia skrini wanafuta picha. Futa nyumbani.

Masikio ziba, F-35 ina injini moja tu lakini inaingia mpaka tumboni. Ngazi ndogo ya kukunja inasaidia kuvuka fensi kwa macho, ila usiiegemeze kwenye fensi yenyewe wala usizibe mlango wa mkulima na gari. Choo hakuna, panga chai yako kwa akili.

Siku hizi Jumamosi nikiwa sina zamu narudi kulekule kwenye matete. Yule mzee ananijua, ananiuliza ndege zako hazijambo? Korongo naye anatua akiutazama upepo, na mipangilio ya kamera sibadilishi, 1/1000 ileile.