Nilipoacha Kupigana na Majira ya Baridi

Kwa miaka mingi, giza lilipoanza kuingia saa kumi jioni, nilikuwa nawasha taa zote nyumbani na kuendelea na kazi kana kwamba bado ni kiangazi. Orodha ya mambo ya kufanya ilikuwa ndefu vilevile, ila nguvu hazikuwepo. Majira yakifika katikati niko hoi: nalala usiku mzima na bado naamka nimechoka, watu wangu wa karibu nawajibu kwa mkato, kisha najilaumu kwa uvivu.

Haukuwa uvivu. Giza likiingia, ubongo huanza kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umefika, na nuru ya asubuhi ndiyo huikata. Jua likichelewa kuchomoza na kuwahi kuzama, si ajabu mwili ukawa mzito. Nami badala ya kuusikiliza niliuswaga kama punda.

Kilichonibadilisha ni sweta. Kiwiko cha kushoto kilikuwa na tundu la kupitisha vidole viwili, na jioni moja nilipokosa hata nguvu ya kufungua kompyuta, nikachukua sindano na uzi wa sufu. Nilitandika nyuzi za wima kwanza, zimekaribiana, kisha nikapitisha sindano kwa mlalo: juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata, kama asukaye mkeka. Kila nilipoharakisha uzi ulikaza, sweta likajikunja, ikabidi nifumue. Saa nzima ilipita na tundu limezibika nusu tu. Na hapo, bila kuitwa, ikanijia sentensi ya kwanza ya hadithi niliyokuwa naisaka tangu kiangazi.

Baadaye nilijifunza jambo kuhusu mtufaha ambalo sijalisahau. Machipukizi ya maua yake huanza kuumbika kiangazi cha mwaka uliotangulia. Halafu hukaa kimya kwenye matawi makavu, na yasipopata baridi ya kutosha, mti huchanua vibaya majira ya kuchipua yanapofika. Baridi ile ni sehemu ya kuchanua kwenyewe.

Kwa hiyo siku hizi naingia kitandani saa tatu usiku na sijitetei kwa yeyote. Mambo makubwa, kama kuhama au kuanzisha mradi mpya, nayasogeza mbele kila inapowezekana. Jioni nina kazi moja tu ya mikono, na simu inabaki chumba kingine. Ukitaka kujaribu, chagua kitu kidogo kisichosubiriwa na mtu: kufuma, kuchora, kuandika barua. Usikipige picha wala usikipangie tarehe ya kumaliza, maana siku utakayokipangia tarehe kitageuka kazi ya ofisini. Wiki ya kwanza utahisi unapoteza muda. Hiyo hisia inachosha kweli, lakini kaa nayo tu, itapungua.

Asubuhi lakini natoka nje, hata kama ni dakika ishirini na mbingu imefunga. Nuru ya nje siku ya mawingu bado inaishinda taa ya sebuleni mara nyingi sana, na ndiyo inayoniwezesha kulala mapema jioni.

Na tafadhali, tofautisha pumziko na ugonjwa. Huzuni ikikukalia majuma mfululizo na hata unavyovipenda havikugusi, mwone daktari. Ipo sonona inayorudi kila majira ya baridi. Watafiti waliieleza kitaalamu mwaka 1984, na inatibika, wakati mwingine kwa taa maalumu yenye mwanga mkali wa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) inayotumiwa asubuhi. Usiivumilie peke yako ukidhani unapumzika.

Kwenye ukingo wa daftari langu huwa naandika saa na dakika jua linapozama. Hapo ndipo nilipogundua kitu kilichonifurahisha mno: jua huzama mapema kuliko siku zote siku kadhaa kabla ya ile siku fupi kabisa ya mwaka, inayoangukia tarehe 21 au 22 Desemba upande wa kaskazini wa dunia. Siku hiyo ikifika, asubuhi bado zinazidi kuchelewa, lakini jioni zimeshaanza kurefuka, dakika moja moja, nami nipo dirishani na sweta langu la kiwiko kilichozibwa, nasubiri kuandika.