Re: Makumbusho ya reli Madrid, niwapeleke watoto?

Mkuu, wapeleke tu, hawatakusumbua. Yale makumbusho yamo ndani ya stesheni yenyewe ya Delicias, iliyofunguliwa 1880. Abiria waliacha kuitumia 1969, na makumbusho yakaanza 1984. Injini za mvuke zimesimama kwenye reli kando ya majukwaa, juu yake paa refu la chuma lisilo na nguzo hata moja katikati. Mtoto akisogea karibu, gurudumu linampita kimo!

Ila angalia tarehe. Mara moja kwa mwezi humo humo kuna gulio, Mercado de Motores. Kwa mitumba ni raha, lakini treni utazichungulia katikati ya mabega ya watu. Kufika, panda metro laini ya 3, shuka Delicias.