Jibu: Kishindo kwenye spika unaponyamazisha sauti ya dijitali

Ndugu, umeuliza kwa nini spika hutoa kishindo kila unapobonyeza kitufe cha kunyamazisha. Sampuli, yaani namba zinazowakilisha wimbi la sauti, zikikatwa ghafla wimbi likiwa mbali na sifuri, volteji huruka mara moja, na mruko huo ndio unaousikia. Ishushe sauti polepole ndani ya programu kwa milisekunde 10 hadi 20, kisha ndipo transista (swichi ya kielektroniki) iliyo baada ya kigeuzi, yaani sehemu inayogeuza namba hizo kuwa volteji, iunganishe njia ya sauti na ardhi ya saketi (volti sifuri), huku rezista, inayopunguza mkondo, ikitangulia ili kigeuzi kisipigwe shoti. Linalopuuzwa zaidi, nami nalisisitiza, ni mfuatano wa hatua za kuzima na kuwasha umeme: unapozima, transista inyamazishe kabla ya saa ya kigeuzi (mapigo yanayokiongoza) kusimama; unapowasha, isiachie mpaka kapasita (vihifadhi vya chaji) za upande wa kutokea sauti zimalize kuchaji.