Wachumba wapime damu, ila si kwa ajili ya kuachana

Swali la wiki liliuliza kama wachumba wenye makundi tofauti ya damu wanaweza kuzaa salama, au waachane mapema.

Wanazaa. Herufi za kundi la damu (A, B, AB, O) hazina neno kubwa: mama O na baba A, mtoto huenda akapata manjano, na mara nyingi taa ya bluu wodini humaliza kazi. Kama mnapima ili muamue, pimeni selimundu. Wote mkiwa AS (mmebeba selimundu bila kuugua), kila mimba ina uwezekano wa robo mtoto kuwa SS, yaani mgonjwa wa selimundu.

Kwenye kundi la damu, tazameni Rh, ile alama ya chanya au hasi inayofuata herufi, tena ya mama kwanza. Mama akiwa chanya, ya baba isiwanyime usingizi. Wote wakiwa hasi, mtoto naye huwa hasi (iwapo baba ndiye baba; mtoto apimwe tu).

Kazi ipo mama akiwa hasi na baba chanya. Mimba ya kwanza kwa kawaida hupita, kwa kuwa damu ya mtoto huingia kwa mama zaidi wakati wa kujifungua. Hapo mwili wa mama hutengeneza kinga dhidi ya damu chanya. Mimba ifuatayo, kinga hiyo hupenya kondo la nyuma na kuvunja chembe nyekundu za mtoto: huishiwa damu, huvimba, huzaliwa akapata manjano siku ileile, au hufia tumboni. Ndipo watu huanza kutafuta mchawi.

Mama huyo apimwe mapema kipimo cha Coombs, kinachoonyesha kama kinga hiyo imeshatokea. Kinga ikiwa haijatokea, achomwe Anti-D, sindano ya kuzuia kinga hiyo isitokee, mikrogramu 300 wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, mtoto akiwa chanya. Kinga ikishatokea, sindano haifuti kitu; mimba ifuatiliwe hospitali ya rufaa. Wengi husahau kwamba mimba iliyoharibika, iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, au tumbo kugongwa kwenye ajali ya bodaboda, navyo huhitaji sindano hiyo.

Kwetu nyanda za juu, usitegemee kuikuta Anti-D zahanati. Hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Mama hasi wa Makete au Ludewa asingoje uchungu: masika barabara ikikorofisha, saa 72 huishia njiani. Kliniki inapoanza, aulize bei na upatikanaji Njombe, Iringa, au hospitali ya wazazi Meta pale Mbeya, na "Rh hasi" iandikwe wazi kwenye kadi. Ndugu zake walio hasi wajulikane pia, maana damu hiyo ni adimu akihitaji kuongezewa.

Muuguzi mkunga, Njombe