Je, nimwache jirani yangu kwa kuwa si Mkristo?

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Naishi Kisumu Ndogo, hapa Malindi. Jirani yangu ni bibi wa Kiislamu, mjane, ana kisukari na kidonda cha mguu kisichopona. Wanawe wako Mombasa. Namchotea maji, namsafisha kidonda, na siku ya kliniki tunapanda tuktuk pamoja. Kiongozi wa ushirika wetu wa nyumbani anasema jirani wa kwenye Biblia ni mwamini mwenzangu, na kwamba futari ninayoletewa na mjukuu wa bibi ni chakula cha sanamu. Mume wangu naye amechoka na nauli. Nifanyeje?

JIBU: Mama yangu, endelea. Ningeweza kuishia hapo, lakini fundisho ulilopewa nimelisikia kwa wengi, na siwezi kulinyamazia.

Wenye fundisho hilo hushikilia Mambo ya Walawi 19:18, panapotajwa "wana wa watu wako" kabla ya amri ya kumpenda jirani. Umeona, wanasema, ni wa kwetu! Wangesoma mpaka mstari wa 34 wangemkuta mgeni akaaye kati yao, naye apendwe "kama nafsi yako", maneno yale yale. Kisha hukimbilia Wagalatia 6:10, "hasa jamaa ya waaminio", wakiruka kipande kinachotangulia: "na tuwatendee watu wote mema". Paulo hataki wa kanisani wasahauliwe. Hakumpa mtu ruhusa ya kumruka mgonjwa aliye mlango wa pili.

Msamaria wa Luka 10 tumemhubiri mpaka hashtui mtu tena. Basi rudi sura moja nyuma. Kijiji cha Wasamaria kinakataa kumpokea Yesu. Yakobo na Yohana wanataka moto ushuke uwaangamize, naye anawakemea. Machungu hayo hayajapoa, ndipo anapotoa mfano ambao kuhani na Mlawi wanapita kando, na Msamaria ndiye anayetia mafuta na divai na kulipa dinari mbili. Majeruhi hakuulizwa dini. Anayefundisha kuwa jirani ni wa kanisani tu amesimama na mwanasheria aliyemuuliza Yesu "jirani yangu ni nani?", si na Bwana aliyemjibu.

Tena sisi wa huku, baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa tangu mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifundishwa kufunga kula mpaka kufa, tulipaswa kuwa wa kwanza kumshuku mwalimu yeyote anayemtenga mtu na majirani zake.

Futari nayo: Waislamu na sanamu wapi na wapi? Paulo anasema katika 1 Wakorintho 10:27 kwamba asiyeamini akitualika, tule kinachowekwa mbele yetu bila kuuliza-uliza. Kula kaimati zako, mama, na sahani usiirudishe tupu. Ila kwa sukari ya bibi, mrudishie mchicha au samaki, si mahamri.

Kuhusu mume wako sina ukali. Nauli hiyo ni unga wa watoto wake, na 1 Timotheo 5:8 inamtaka awatunze wa nyumbani mwake. Usimfiche, mwambie kila safari inagharimu kiasi gani, mpange pamoja mnachoweza. Kisha wapigie wale watoto wa Mombasa. Usiwapigie kwa lawama, huenda hawajui hali ilivyo. Waeleze tarehe ya kliniki na waombe watume nauli kwa M-Pesa. Zungumza pia na akina mama wa msikitini kwake, mpeane zamu. Hata Msamaria alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni akaendelea na safari yake. Sijui kwa nini sehemu hiyo hatuihubiri.

Bibi akikuuliza kwa nini unamtendea haya, mwambie habari za Yesu bila woga. Asipouliza, usigeuze kidonda chake kuwa mimbari. Vaa glavu unapokisafisha, na kikianza kunuka au kuwa cheusi, msingoje siku ya kliniki; mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.