Kadi iko kwa mkopeshaji: maswali yenu kuhusu pikipiki zilizotumika

Mahindi yakishauzwa Kibaigwa, pikipiki nazo huuzwa sana hapa Dodoma. Wengi mnaandika mkiwa na hela mkononi na haraka moyoni. Nimechagua maswali matano.

*Shikamoo. Kuna pikipiki aina ya Boxer naitaka, bei shilingi 1,400,000. Muuzaji anasema bado anadaiwa 600,000 na waliomkopesha, na kadi ya usajili wameishikilia wao. Anataka nimpe hela yote akamalize deni, kesho aniletee kadi. Nimkubalie? (Kijana wa Chang'ombe)*

Marahaba, mwanangu. Usimpe hata shilingi kwa mtindo huo. Sisemi ni mwizi, huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini mwenye deni moja mara nyingi ana mengine, na hela ikiingia kwenye simu yake, ada ya shule inaisubiri na wa dukani anaisubiri. Mimi pikipiki yangu ya kwanza niliinunua hivyo hivyo, kwa ahadi ya "kesho". Kadi niliipata baada ya miezi saba, na deni nililimaliza mwenyewe.

Nendeni wote wawili kwa mkopeshaji, mchana, ofisini kwake. Mwenye mkopo aombe salio la kumaliza deni kwa maandishi, lenye tarehe na muhuri. Hiyo 600,000 ni hesabu ya kichwani mwake. Riba na faini za kuchelewesha marejesho zinaweza kuifikisha 750,000. Kiasi kitakachoandikwa ulipe wewe mwenyewe kwenye akaunti ya mkopeshaji, kwa namba ya kumbukumbu ya mkopo ule, wala si kwenye simu ya afisa mikopo. Chukua risiti, barua ya kumaliza deni, na kadi halisi. Wakikuambia kadi iko makao makuu na itakuja wiki ijayo, basi hela inayobaki (deni likiwa 750,000, inabaki 650,000) ibaki kwako mpaka hiyo wiki ijayo. Muuzaji aliye mkweli atakuelewa.

Mkataba wa mauziano uandikeni kwa wakili, na utaje wazi kwamba deni lilikuwepo na limelipwa kutoka kwenye bei. Kisha nendeni TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki, kila mmoja na TIN yake (namba ya mlipakodi) na kitambulisho cha NIDA. Angalia pia majina kwenye kadi. Likiwemo jina la mkopeshaji, naye lazima ahusike kwenye uhamisho.

Na akikwambia "nipe kidogo, marejesho utaendelea nayo wewe", kataa. Mkopo uko kwa jina lake. Utalipa miezi kumi, na mkopeshaji hakujui.

*Muuzaji ana kopi ya kadi tu, anasema yenyewe imepotea. Bei ni nzuri mno. (Mwalimu, Bahi)*

Mwalimu, hiyo bei nzuri ndiyo inayonitia wasiwasi. Kadi hupotea kweli, lakini nyingi "zilizopotea" zimelala kwenye droo ya mkopeshaji wa riba kali, wale wa kausha damu, zimewekwa dhamana ya mkopo mdogo. Kama imepotea kweli, mwenye jina kwenye kadi ndiye anayetoa taarifa ya upotevu polisi, kisha anaomba kadi nyingine TRA. Kazi hiyo ni yake, na aimalize kabla hujalipa. Akikwambia utaifanya wewe ukishanunua, achana naye.

Kopi aliyonayo bado ina kazi. Inama uisome pikipiki: namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, na ya injini ipo kwenye injini yenyewe. Linganisha tarakimu moja moja. Ukiona pamekwanguliwa au pamechomelewa, ondoka. Halafu pita kijiweni anapoegesha. Bodaboda wanajua nani anadaiwa na nani.

*Kadi ipo, lakini ina jina la mtu ambaye muuzaji mwenyewe alinunua kwake, na nasikia ameshafariki. (Msomaji wa Mpwapwa)*

Hapo anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto wa marehemu, hata mkubwa, hatoshi bila barua ya uteuzi huo. Muuzaji wako aanze na familia kurekebisha umiliki wake, ndipo wewe uje.

*Faini za barabarani za mwenye zamani zitanifuata? (Dada wa Ihumwa)*

Faini hurekodiwa kwa namba ya usajili, hiyo inayoanza na MC, kwa hiyo askari akiiingiza kwenye mfumo deni litaonekana ukiwa wewe ndiye umepanda. Angalia kwanza kwenye mfumo wa trafiki, na muuzaji alipe. Bima nayo ihakiki, usiamini stika kwa macho.

*Nilimnunulia mwanangu pikipiki kwa 1,100,000, nikaandikiana na muuzaji mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kadi akasema italetwa. Juzi usiku wamekuja vijana wawili, wamesema ni ya mkopo, wameichukua. Hela ile ni ya karanga zangu za msimu mzima. (Mama, Kongwa)*

Pole sana, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwanza nenda polisi leo, ukaeleze pikipiki ilivyochukuliwa. Vijana wasiojulikana waliokuja usiku huenda hawakutumwa na mkopeshaji yeyote. Kama walitumwa, mkopeshaji ataonyesha mkataba wa mkopo na maandishi ya kuichukua, na wewe utajua chombo kiko wapi.

Ikithibitika ni ya mkopo, sheria haikusaidii sana dhidi ya mkopeshaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, msingi wake ni kwamba muuzaji hawezi kukupa haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Wa kumdai ni aliyekuuzia. Karatasi ya mwenyekiti ni ushahidi wako, itunze pamoja na miamala ya simu. Alikuficha deni akachukua hela yako. Hilo ulieleze polisi kama kujipatia fedha kwa udanganyifu, na madai ya hela yenyewe uyafungue Mahakama ya Mwanzo.

Kabla ya kufungua kesi uliza salio la mkopo. Likiwa dogo, tuseme 200,000, huenda ni nafuu kulilipa ukapata chombo na kadi kuliko kungoja kesi, mradi mwenye mkopo awepo na asaini uhamisho. Usiende peke yako, mama. Nenda na mwanao na huyo mwenyekiti aliyeshuhudia, na ile karatasi acheni nakala yake nyumbani.