Anzeni msituni, mmalizie pwani: kulala hemani mkoani Tanga mkiwa wawili

Watu wengi wanaotoka Dar kwenda kulala hemani mkoani Tanga hukimbilia bahari kwanza. Mimi na mume wangu tunafanya kinyume: tunaanza Amani, msituni milimani, tunamalizia Ushongo, ufukweni kusini mwa Pangani. Sababu ni hema lenyewe. Kule Usambara Mashariki hulowa hata pasipo mvua, maana ukungu wa alfajiri hautaki ruhusa, na Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Mkishuka nalo pwani, jua la saa nne linalikausha. Mkianzia pwani, mnapanda mlima na hema lenye chumvi, na chumvi hunyonya unyevu usiku kucha.

Kwenye njia panda ya Segera mkunje kuelekea Muheza. Hapo jazeni mafuta, nunueni machungwa, kisha mpande kupitia Sigi. Njia ni ya udongo mwekundu na ikilowa inateleza vibaya, kwa hiyo kama masika yamechanganya, Machi hadi Mei, ahirisheni. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, lakini bustani yake ya mimea ni ya Wajerumani, ya mwaka 1902, ndiyo maana mtakuta miti ya ng'ambo imejichanganya na ya asili. Mwongozaji mchukueni usiku. Kinyonga aliyelala hupauka, tochi ikimpiga anang'aa kwenye jani, ilhali mchana mnampita hivi hivi. Bebeni jiko la gesi, msitegemee kuokota kuni hifadhini. Na sweta, hasa Juni na Julai.

Kuhusu kuwa wawili: ugomvi wa safari ya gari huanza jioni, njaa ikiuma na giza likikaribia. Sisi tumegawana mamlaka. Anayeendesha ndiye anayeamua kama barabara inapitika. Asiyeendesha ndiye anayeamua tunalala wapi, na akishasema "hapa", hakuna cha "twende mbele kidogo". Hema liwe limesimama kabla ya saa kumi na mbili, mengine yote yanajadilika.

Sasa pwani, na hapa ndipo wageni wengi huumbuka. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, maji yanapanda na kupwa kwa zaidi ya mita 3. Ubaya wake ni kwamba kwenye ukanda wetu maji ya bamvua hujaa kama saa kumi, saa kumi na moja: ya alasiri mnayaona, ya alfajiri yanawakuta usingizini. Mkifika ufukweni tafuteni mstari wa mwani mkavu na vijiti. Huo ni mwisho wa maji yaliyopita. Ikiwa bamvua ndiyo kwanza inakuja, yajayo yatauvuka, basi pandeni juu zaidi, na muulizeni mvuvi yeyote. Atawaonyesha kwa kidole. Ila msikimbilie kivuli cha mnazi. Nazi haina taarifa, na kuti kavu likianguka linapasua turubai. Wakati wa kusi, ule upepo wa kusini-mashariki, mlango wa hema uelekee bara, la sivyo mtakula mchanga na wali.

Kutoka Amani shukeni hadi mji wa Pangani, hapo mnavuka mto kwenda upande wa Bweni, kisha mnashika njia ya Ushongo. Kuna kambi za kulipia. Mkitaka kulala nje ya kambi, nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mpige shikamoo, mjieleze. Mkishajulikana, hata samaki mtaletewa. Dada, funga kanga juu ya kaptula ukiingia kijijini, na wewe kaka vaa shati. Ramadhani mkipika mchana, pikeni pembeni.

Mkiwa na siku za ziada, endeleeni kusini kupitia Mkwaja hadi Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na ya pekee Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi. Huko mambo ya mwenyekiti hayapo: kuna simba na tembo, mnalala kwenye kambi iliyotengwa tu, na langoni msitegemee kulipa kwa noti. Halafu kuna udongo mweusi. Ukiwa mkavu ni barabara, ukinyeshewa unameza hata gari la magurudumu manne yanayovuta. Ulizeni askari wa langoni kama jana mvua ilinyesha. Akisita kujibu, geuzeni mrudi kwa njia ya Segera.